Neno la Siri Lenye Pembe

Jumamosi hiyo Papa Nshuti aliamka akiimba, na Kanyange, binti yake mkubwa, akajua moja kwa moja kwamba kuna jambo. Mzee yule hakuwa ameimba tangu wakimbilie Mubi. Kwao Nyamitaba, kwenye milima ya Masisi, alikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja, kila mmoja na jina lake na sifa zake. Vita vikala wote, mzee akabaki na fimbo. Na Mubi, jamani, ni mji wa pikipiki na malori, maziwa yake ni ya unga! Mtu wa ng'ombe afanye nini mahali kama hapo? Anakaa mlangoni anahesabu malori, jioni anaingia kulala.

"Papa, leo muko na furaha," Kanyange akasema, akikoroga uji.

"Niko nayo, mutoto wangu. Kuna kijana mumoja alinipigia simu saa kumi na mbili, jua haijatoka muzuri. Anasema anaitwa Muhire, wa kule kwetu."

"Alitaka nini?"

"Aliniuliza Christa iko wapi."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Usinitolee macho!" mzee akacheka. "Miye siyo mujinga. Nilimuambia sijui, mutoto alipotea ku vita. Nilifunga mulomo, unasikia? Basi akaacha mambo ya Christa, akaniuliza juu ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Zote! Kanyange, ni miaka ngapi muntu hajaniuliza juu ya ng'ombe zangu? Nikamuhesabia mumoja mumoja. Gaju, Gitare, Sine, na watoto wao, na bajukuu wao. Akaniuliza ni ngapi nilipenda kupita zote, nikamuambia ni mumoja tu, Bihogo. Akasema Bihogo hakumukuta. Akataka kujua alizaa mara ya kwanza mwaka gani. Nikamuambia: mwaka ule ule Mungu alinipa Christa, elfu mbili na ine. Ah, tuliongea mpaka unite zake zikaisha!"

Kanyange aliweka mwiko chini. Aliuliza swali moja tu, polepole, kama mtu anayekanyaga kwenye utelezi.

"Papa. Huyo kijana alijuaje ng'ombe zetu?"

"Alizijua! Ata alinikumbusha siku Gitare alimupiga teke akiwa anakamua, maziwa yote ikamwangika."

"Na Gitare alimupiga teke nani?"

Mzee akafungua kinywa kujibu. Uso wake uliokuwa unang'aa tangu alfajiri ukazimika pale pale mbele ya binti yake.

"Rukara," akasema.

Basi niwaeleze huyo Rukara ni nani, ingawa jina lake linanichefua. Alikamua ng'ombe kwa Papa Nshuti vipindi viwili vya kiangazi, akala ugali wa nyumba ile, akapewa blanketi. Vita vilipofika akashika bunduki, na kitu cha kwanza alichokwenda kuchukua kwa bunduki hiyo ni Christa, mdogo wake Kanyange. Akamwita mke. Mke gani, wa kufungiwa mlango kwa nje? Miezi minane baadaye Christa alitoroka kupitia msituni, akatokea kijiji cha Mpofi miguu imechanika, na mkulima mmoja wa huko, mwindaji pia, Papa Zéphyrin, akamwingiza kwa mke wake bila kuuliza kabila wala dini. Mwaka wa pili huu yupo pale, analima mihogo nao. Kila Jumapili alimpigia baba yake kwa simu ya Zéphyrin. Na Rukara alikuwa bado anamtafuta.

Sasa, mahali alipo Christa palikuwa pameandikwa. Nani aliandika? Kanyange mwenyewe. Yeye ndiye alikuwa anaweka listi ya waliopotezana, kazi aliyopewa na parokia: nani anamtafuta nani, nani amepatikana, yuko kijiji gani, kwa nani, simu ipi. Majina zaidi ya mia sita, yote ndani ya sanduku moja la barua pepe mtandaoni, na anwani ya sanduku hilo, pamoja na jina la Kanyange, ilibandikwa kwenye milango ya makanisa toka Masisi hadi Walikale ili watu waandike. Kanyange alikuwa mtu wa sheria: kila aliyepatikana anaandikwa, hata ndugu yake. Akaandika: Murekatete Christa, Mpofi, kwa Zéphyrin.

Na neno la siri la kufungua sanduku lilikuwa Bihogo2004.

Msimcheke. Watu wa kwao wote wanafanya hivyo. Muulize yeyote wa milima ile anafungua simu yake kwa neno gani, atakataa kukwambia, lakini ukijua ng'ombe wake umeshafungua. Rukara alilijua hilo vizuri, kwa sababu simu aliyomnyang'anya Christa aliifungua kwa Gaju.

Kanyange hakunywa uji. Alichukua kompyuta ya parokia, akaifunga kwa kitenge mgongoni kama mtoto, akatoka mbio. Nyuma yake alisikia mzee anaita, "Kanyange! Kanyange, nilifanya nini?" Hakugeuka. Alikuwa na hasira, naam, na hakujua pa kuiweka. Utamkasirikiaje mzee aliyefunga kinywa juu ya binti yake, akadhani amemaliza kazi?

Esdras, fundi wa simu na kompyuta, alikuwa anafungua kibanda chake kando ya maegesho ya pikipiki. Kijana wa Walikale, mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Kompyuta ile ilipokufa kwa virusi mwaka uliopita, ni yeye aliyeifufua kwa kuiwekea mfumo mwingine, wa bure, na siku ile ile alimwambia Kanyange abadilishe neno la siri. Kanyange alisema kesho. Kesho hiyo ilikuwa na miezi kumi na moja.

"Nifungulie sanduku, nibadilishe mot de passe. Sasa hivi, Esdras!"

"Dada, rezo imeanguka tangu saa moja. Angalia." Akamwonyesha simu yake, haina hata mstari mmoja wa mtandao. "Kuna nini?"

Akamweleza, pumzi zikimkatika. Esdras akashika kichwa.

"Bihogo njo nini?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe! Listi ya watu mia sita, mumefunga na ng'ombe!" Akataka kucheka, akaona uso wa Kanyange, akaacha. "Bon. Rezo hatuna. Lakini mot de passe tunaweza kuitafuta hapa hapa, ile kazi haiombake rezo. Ikirudi tu, tunaingia tuko tayari. Kaa."

"Siwezi kukaa."

"Basi simama."

Esdras akafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, lile lisilo na picha wala rangi, lenye mstari mmoja unaokonyeza ukisubiri amri. Akaandika neno dogo, pwgen, akabonyeza. Pap! Ukurasa mzima ukajaa maneno ya ajabu, safu kwa safu, kama mtu amemwaga maharage mezani. Kanyange akainama, macho yakakimbia juu chini, juu chini, kisha kidole kikatua.

"Hii! Nipe hii. Inaanza na Gaju."

Esdras akapiga meza kofi. "Umeona? Umeona mambo yako? Maneno zaidi ya mia, na jicho yako inaenda ku Gaju! Kichwa yako inajua njia ya kwenu, dada. Rukara naye anaijua."

Kanyange aliondoa kidole. Aliona aibu, kwa kweli, maana hakuwa ametafuta. Jicho lilikwenda lenyewe.

"Haya maneno iko laini," Esdras akasema kwa sauti ya chini kidogo. "Machini inatengeneza hivi ili mulomo iweze kuyasoma. Sasa tunaikataza." Akaandika tena, akisema kila kitu alichoandika: jina la chombo, halafu kistari na s, kumaanisha usijali mdomo wa mtu, changanya kabisa, halafu ishirini, urefu wa neno, halafu moja, kwa sababu wewe ukipewa mia utachagua ng'ombe. Akabonyeza.

Likatoka neno moja. Usiniulize lilikuwa lipi. Siwezi kukwambia, na ningeweza nisingekwambia, we nani? Lilikuwa na herufi kubwa mahali pasipotakiwa, tarakimu zimejichomeka katikati, hakuna silabi moja ambayo ulimi ungeshika.

"Hii haisemi kitu," Kanyange akasema.

"Njo uzuri wake. Haina baba, haina mulima, haina muntu inapenda. Rukara atapigia simu nani kuiuliza?"

"Na nitaikumbuka aje?"

"Kuandika ku karatasi?"

"Barrière ya kwanza tu barabarani, watu wa bunduki watanitoa karatasi mpaka kwenye kiatu."

"Basi meza ku kichwa."

Akaanza kuimeza. Alitoka nyuma ya kibanda, akawa anatembea toka ukutani hadi kwenye rundo la matairi, toka matairi hadi ukutani, akikata neno vipande vya herufi nne nne. Akishika kipande cha tatu, cha kwanza kinatoroka. Akirudi kuangalia kompyuta, anakuta alibadilisha mbili na saba. Kila pikipiki iliyopita aliona pikipiki nyingine, mahali pengine, inaelekea Mpofi. Rukara alikuwa wapi? Masisi? Karibu zaidi? Kule alipo rezo ipo? Bila shaka ipo, yule shetani alipiga simu alfajiri! Alikuwa anajaribu ng'ombe sasa hivi, mmoja mmoja, arobaini na mmoja, na baba yake ndiye aliyempa zizi zima.

Papa Nshuti akatokea kwenye kona, anahema, fimbo mkononi, viatu amevaa bila soksi. Alisimama akamwangalia binti yake anavyozunguka.

"Esdras amenieleza," akasema. "Mutoto wangu, nipe hayo maneno. Herufi ishirini ni kitu gani? Miye ninakumbuka ng'ombe za baba ya baba yangu, na mama zao. Nisomee mara mbili tu, haitatoka tena ku kichwa yangu."

Na ilikuwa kweli. Mzee yule asingesahau hata moja. Kanyange alijua, na kwa dakika hiyo alitamani kumpa, apumzike.

"Hapana, Papa."

"Juu ya nini?"

"Juu muntu akiwauliza muzuri, mutamuambia."

Maneno yalipotoka alitamani ayarudishe. Mzee aliketi juu ya tairi, akaweka fimbo magotini, akatazama chini. Kanyange akageuka ukutani, akaendelea kusoma vipande vyake huku machozi yanamtoka, cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Safari hii vyote vikakaa.

Saa nne kasoro robo simu za waendesha pikipiki zote zikaanza kulia kwa pamoja. Rezo! Kanyange alikuwa ndani ya kibanda kabla Esdras hajamwita. Akakosea Bihogo mara mbili, yeye mwenyewe, mwenye ng'ombe! Mara ya tatu sanduku likafunguka. Akaingiza neno jipya, akarudia kama alivyoagizwa, herufi kwa herufi. Likakubaliwa. Akapumua.

"Ngoja," Esdras akasema. Alikuwa anasoma kitu chini ya ukurasa, pale sanduku linapoandika nani aliingia na lini. "Leo asubuhi wewe uliingia?"

"Sikuingia."

"Kuna muntu aliingia saa tatu na dakika kumi. Aliingia na simu."

Dakika thelathini na tano. Umefunga mlango kwa kufuli la chuma, kumbe chui alishatoka na mbuzi. Kanyange hakulia wala hakupiga kelele. Alichukua simu akampigia Papa Zéphyrin.

Simu ya Zéphyrin ilikuwa inashika rezo mahali pamoja tu, kwenye mteremko wa shamba lake la mihogo. Akiwa nyumbani hapatikani, akiwa msituni hapatikani. Kanyange alipiga mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Sauti ile ile ya mwanamke wa mashine ikimwambia ajaribu baadaye. Baadaye gani? Alipiga akiwa amesimama, akiwa amechuchumaa, akiwa barabarani. Esdras alimwomba dereva mmoja wa pikipiki aende, dereva akasema barabara ile kwa mvua ya jana ni nusu siku, akifika ni jioni. Mara ya kumi na saba ikalia.

"Mama Kanyange?" Zéphyrin alikuwa anahema, jembe mkononi labda.

"Papa Zéphyrin, Rukara anajua Christa iko kwenu. Anajua tangu saa tatu."

"Jina yangu pia anaijua?"

"Iko ku listi. Miye njo niliandika."

"Bon," Zéphyrin akasema, na simu ikakatika.

Ni hilo tu, bon, yaani sawa. Na baada ya hapo hakuna kitu. Saa tano, saa sita, saa saba. Kanyange alizunguka mji ule mpaka wauza mafuta wakamzoea. Alirudi kwa Esdras, akatoka. Alirudia neno lake lenye herufi ishirini bila kutaka, kama mtu anayerudia sala asiyoijua maana, na akalichukia. Lingekuwapo jana tu! Mwaka jana tu! Alipoambiwa alisema kesho, kwa sababu alipenda kuandika Bihogo kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, ni kama kumpapasa yule ng'ombe shingoni. Huo ndio ukweli, na aliusema kwa sauti pale barabarani, peke yake.

Saa kumi Zéphyrin alipiga.

"Walikuja saa nane. Watu sita, pikipiki tatu. Wamevunja mulango, wamebeba mbuzi zangu. Bibi yangu wamemupiga kofi, lakini iko muzima."

"Na Christa?"

"Walikuta moto ku jiko tu."

Kanyange akaketi chini, pale pale alipokuwa, barabarani. "Mungu wangu. Asante. Asante, Papa Zéphyrin. Iko wapi?"

"Nilimupeleka pahali."

"Pahali wapi?"

"Pahali baba yangu alinionyesha wakati niliingia ku mambo ya wanaume. Ile pahali hatuitajake ku muntu mwenye hakuingia. Toka pale watu wangu watamupeleka mbele, na ata miye sitajua wapi."

"Papa Zéphyrin, miye ni dada yake!"

"Najua, mama." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Lakini wewe unaandikaka. Baba yenu naye anasemaka. Mutoto mwenyewe amesema: musimuandike tena. Simu ya Jumapili pia hapana."

Jioni ile Kanyange alifungua sanduku kwa neno ambalo hakuna mtu duniani angelikisia, akatafuta mstari wa mdogo wake, akaufuta. Kisha akafuta vijiji vya wote waliokuwa wanajificha, mmoja baada ya mwingine, akaacha majina tu. Nyumbani alimweleza mzee yote, hata maneno ya Zéphyrin juu yake. Papa Nshuti alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama Christa alikula kabla ya kuondoka. Kanyange akasema hajui.

Jumapili simu ya mzee ilikaa mezani siku nzima. Hakuigusa mtu.

Jumatatu asubuhi foleni ya waliopotezana ilikuwa ndefu nje ya parokia. Kanyange alikaa kwenye meza yake, akaandika mama mmoja wa watoto watatu, akaandika mzee wa Masisi anayemtafuta kaka yake. Akainua macho kuita anayefuata, akamkuta baba yake amesimama mbele yake, kofia mkononi, amenyoa ndevu.

"Papa, muende nyumbani. Nitakuja saa sita."

"Nimepanga musitari kama wengine," mzee akasema. "Niandike."

Watu wa nyuma walikuwa wanasubiri. Kanyange akaweka vidole kwenye herufi.

"Jina?"

"Nshuti."

"Munatafuta nani?"

"Murekatete Christa. Mutoto wangu."

"Mulimuona mara ya mwisho wapi?"

"Sikumuona. Nilimusikia tu, ku simu. Jumapili ingine, siyo ya jana."

Kanyange aliandika. Lilibaki swali la mwisho, lile analoulizwa kila mtu: kitu gani cha nyumbani ambacho ninyi wawili tu mnakijua, ili siku akipatikana tuhakikishe ni yeye? Hapo ndipo watu hufunguka, husimulia majina ya utani, makovu, mambo ya jikoni, na foleni nzima husikia. Akamuuliza baba yake hivyo hivyo, kama sheria ilivyo.

Papa Nshuti aligeuka akatazama watu waliokuwa nyuma yake. Akamrudia binti yake.

"Kitu iko," akasema. "Lakini sitaisema."

Kanyange akaiacha nafasi ile wazi, akamwita mtu aliyefuata.